Mtaji wa Aliyengoja

Yuko mvuvi anayekopa nyavu, yuko kijana anayeacha kazi ya mshahara aanzishe kampuni, na yuko msomi anayekaa kando akiandika nani kati yao alifika na nani alizama. Wawili wa kwanza tunawaelewa upesi: wametoa walicho nacho, na kesho itawajibu. Huyu wa tatu ndiye anayenishughulisha. Yeye ametoa nini? Mshahara wake wa chuo unaingia, kampuni ichipue au inyauke. Makala yake kuhusu kufilisika humpandisha cheo sawasawa na makala yake kuhusu mafanikio. Je, mtu asiyethubutu anaweza kuwa na maarifa ya kweli kuhusu kuthubutu?

Jibu la haraka ni kwamba daktari hahitaji kuugua ndipo atibu. Nililikubali jibu hilo kwa muda, kisha likaniponyoka. Malaria haisomi jarida la tiba na kubadili tabia yake. Lakini msomi wa biashara changa akishaandika kwamba kampuni za aina fulani ndizo hufaulu, wenye fedha humsoma, na fedha huhama. Aliyedhani anatazama tu ameshatia mkono ndani ya jambo analolitazama. Kwa hiyo swali si kama yumo au hayumo. Yumo. La kuuliza ni yumo kwa upande wa nani.

Tumchukue mmoja ambaye nyayo zake ziko karibu na ziwa letu la Victoria. Michael Kremer, Mmarekani aliyekuwa ametoka tu kumaliza digrii yake ya kwanza Harvard, alifundisha katika Shule ya Sekondari ya Eshisiru, Kakamega, kati ya 1985 na 1986. Alirudi miaka ya 1990 akiwa mchumi, na safari hiyo akateremka kutafiti dawa za minyoo shuleni hadi Budalang'i na Funyula, upande wa Busia ambako Mto Nzoia unamwaga maji yake ziwani na watoto huokota kichocho kwa kuoga tu. Mwaka 2019 yeye, Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katikati ya hayo, mwaka 2010, alishiriki kuanzisha ndani ya USAID, shirika la misaada la Marekani, mfuko ulioitwa Development Innovation Ventures, ambao wengi huutaja kwa herufi tatu tu, DIV. Mfuko huo uliazima desturi ya matajiri wa kampuni changa za teknolojia: toa fedha kidogo kwa mawazo mengi machanga, ongeza kwa yale yaliyopita jaribio, kisha mwaga kwa machache yaliyothibitika.

Hapa inafaa tukubaliane juu ya maneno. Ubunifu, kwa maana nitakayoitumia, si kifaa kipya. Ni njia ambayo haikuwapo ya kutimiza haja iliyokuwapo. Mtaji wa ubia ni fedha ambayo mwenyewe amekubali mapema kwamba huenda isirudi, mradi apewe sehemu ya kitakachozaliwa. Katika fasili hiyo mna mambo mawili, na nitamwomba msomaji asiyaachanishe: kukubali kupoteza, na kustahili sehemu. Anayepoteza bila kustahili sehemu si mbia, ni mhanga. Anayestahili sehemu bila kuweza kupoteza naye si mbia, ni mtoza riba.

Hekima ya mtaji wa ubia inakaa katika kapu. Ukiweka fedha katika kampuni moja, unacheza kamari. Ukiziweka katika kampuni arobaini, unaweza kuacha thelathini na kitu zife bila kupoteza usingizi, kwa sababu mbili tatu zitakazopaa zitalipia misiba yote. Kremer na wenzake walipoipigia hesabu misaada ya mwanzo ya DIV, ile ya 2010 hadi 2012, walipata kwamba kila dola iliyotolewa ilizaa manufaa kwa jamii ya angalau dola 17, na karibu manufaa yote hayo yalitoka katika bunifu chache. Mmojawapo ni ule wa visambaza-klorini vinavyosimikwa penye kisima au chemchemi ili anayeteka maji atie dawa hapo hapo, vilivyojaribiwa kwanza katika vijiji vya magharibi mwa Kenya. Wanaoishi Siaya au Busia wanavijua.

Kumi na saba kwa moja. Hakuna chama cha wafanyabiashara wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, kinachotoa gawio la namna hiyo. Sina haja ya kubishana na hesabu. Nataka kujua inakaa kwa nani. Kapu lina mwenyewe. Aliye na kapu huishi katika wastani, na wastani ni idadi ambayo hakuna mtu anayelala ndani yake. Mawazo yaliyokufa ndani ya kapu lile, kila moja lilikuwa na mtu aliyeliamini, aliyeacha jambo jingine kwa ajili yake. Kwa mfuko, kifo chake ni gharama ya kujifunza. Kwa mtu huyo ni miaka yake ya thelathini.

Tofauti hii haionekani sana tunapozungumza juu ya mifuko ya Washington. Inaonekana vizuri zaidi ufuoni. Toka Dunga, pita Asembo, nenda Usenge, vuka hadi Mbita, shuka Sori mpaka Muhuru. Kote huko utamkuta wakala wa kiwanda cha samaki. Huleta nyavu, huleta mashine ya boti, huleta mafuta. Mvuvi naye huahidi kumuuzia yeye samaki wake, mbuta, kwa bei ambayo wakala ndiye anayeitaja. Huu ni mtaji wa ubia wa kampuni kubwa katika umbo lake lisilo na tai. Kiwanda hakitaki kuwa mvuvi, na faida ya boti moja haikisumbui. Kinanunua mlango: samaki watakapotoka majini, wapitie kwangu.

Wasomi wanaochunguza mtaji wa namna hii huko Marekani na Ulaya wamekuwa wakiuliza swali lile lile wakiwa wamevaa suti. Mwaka 2002 Henry Chesbrough alitenganisha makusudi mawili ya kampuni kubwa inapowekeza katika ndogo: kutafuta faida ya fedha, na kutafuta faida ya mkakati, yaani kuifanya biashara yake mama istawi. Mwaka 2008 Riitta Katila, Jeff Rosenberger na Kathleen Eisenhardt waliandika juu ya upande wa pili, wa mdogo anayejua kwamba mkono unaomlisha unaweza pia kumpora. Waliita hali hiyo kuogelea na papa. Walichoona ni kwamba kampuni changa huingia majini na papa pale inapohitaji kitu ambacho papa peke yake anacho, na pale inapokuwa na kinga: siri, au uwezo wa kusubiri wakati unaofaa. (Ziwa letu halina papa. Lina mbuta, aliyeletwa katikati ya karne iliyopita, na wazee wanakumbuka samaki wadogo wa fulu walivyoisha.)

Sasa mpime mvuvi wa Sori kwa kipimo hicho. Anahitaji kitu ambacho mwenye kiwanda peke yake anacho: soko la nje, na barafu. Kinga yake je? Siri hana, kila mtu ufuoni ameona alichovua. Na kusubiri ndiko asikokuweza kabisa, kwa sababu samaki huoza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, viwanda vilipunguza kazi au vikafunga milango kwa muda, bei ikaanguka. Mwenye kiwanda alikuwa na kapu: kiwanda, ardhi, pengine biashara nyingine mjini. Mvuvi alikuwa na boti moja na deni la nyavu.

Sisemi hivi ili kuwafanya wenye mitaji kuwa wabaya wa hadithi. Mwaka 2014 Safaricom ilianzisha mfuko wa dola milioni moja, Spark Fund, kwa ajili ya kampuni changa za Kenya, na miongoni mwa waliopata ni Eneza, iliyokuwa ikipeleka masomo kwa ujumbe mfupi hadi kwenye simu za kawaida kabisa. Makusudi mawili ya Chesbrough yamo humo wazi: mtoto anasoma, na ujumbe unapita katika mtandao wa mwenye mfuko. Kuna ubaya gani hapo? Mtoto amesoma. Wengine waliopata fedha za mfuko huo, kama Sendy ya usafirishaji wa mizigo, hawapo tena. Sendy ilisimama 2023. Safaricom ipo. Katika kapu hivyo ndivyo inavyotarajiwa kuwa, na hakuna aliyedhulumu mtu. Ila tukikubali hivyo, tukubali pia kwamba neno "kuthubutu" linatumika kwa mambo mawili yasiyofanana. Kuna kuthubutu kwa anayeweza kurudia, na kuna kuthubutu kwa asiyeweza. La kwanza linahesabika. La pili linasimuliwa tu.

Msomi, kwa mafunzo yake, huelekea la kwanza. Data zake hutoka kwa wenye kapu, kwa kuwa ndio wanaoweka kumbukumbu. Hapo nimemtaka msomi wa aina nyingine, na yuko. Parker Shipton, mwanaanthropolojia, ameandika vitabu vinne kuhusu Wajaluo wa Kenya, juu ya mikopo, ardhi na pesa. Cha kwanza, cha 1989, kilihusu pesa makech, pesa chungu: ile iliyopatikana kwa kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku au bangi, ambayo haifai kulipia mahari mpaka itakaswe, maana itakula nyumba itakayoingia. Vitatu vilivyofuata, vya 2007, 2009 na 2010, vilikwenda mbali zaidi na kuuliza ni nini hasa watu wa huku wanachopeana wanaposema wamepeana. Jibu lake, kwa jinsi ninavyolielewa, ni amana. Amana ni kitu kilichowekwa mkononi mwa mwingine kikabaki na uso wa aliyekiweka. Huenda kikarudi kwa umbo lingine, kwa mtu mwingine, kizazi kingine. Lakini hakigeuki kuwa tarakimu isiyo na mwenyewe.

Kwa nadharia ya kapu huu ni upuuzi. Shilingi ni shilingi; nguvu ya kapu inatokana na kusahau kila shilingi imetoka wapi. Nami sitaki kudai kwamba mwenye pesa chungu amemshinda mchumi kwa hoja. Wakala wa kiwanda ndiye huyo huyo anayefuatwa usiku mtoto wa mvuvi anapougua, naye hutoa, na ukarimu huo ndio unaomfunga mvuvi kuliko mkataba wowote. Amana nayo ina meno. Lakini inahifadhi jambo ambalo wastani unalipoteza: jina la aliyetoa.

Mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga aliligusa jambo hili kwa mikono, si kwa makala. Alikuwa mwalimu Maseno akaacha ualimu, na mwaka 1947 akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation. Alizunguka miji ya Afrika Mashariki akiwashawishi Wajaluo waliokuwa kazini wanunue hisa, katika dunia ambayo biashara ya Kisumu ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu na Mwafrika hakutarajiwa kuwa na kitu kiitwacho kampuni. Walipata maduka, walipata majengo, wakapata kiwanda cha uchapaji, Ramogi Press. Haikugeuka kuwa kampuni kubwa. Ukiipima kwa gawio, mchumi ataiweka upande wa waliokufa kapuni. Mwenyewe, katika kitabu chake cha 1967, anaiona kwa jicho jingine: watu waliokuwa wameambiwa hawawezi walijiona wakiweza, na siasa iliyofuata ilisimama juu ya hapo. Gawio lilitoka, ila katika sarafu ambayo daftari halikuwa na safu yake. Leo kuna chuo kikuu Bondo chenye jina lake, kilichopata hati mwaka 2013, na ndani yake vijana wanafundishwa biashara na uchumi. Aliyetoka darasani kwenda kuthubutu amerudishwa darasani akiwa jina langoni. Nashindwa kuamua kama angecheka.

Nirudi kwa Kremer, maana sijamtendea haki. Nimemweka upande wa wenye kapu kana kwamba yeye mwenyewe hakuthubutu. Lakini msomi naye ana maisha mamoja tu. Kuipa minyoo ya watoto wa Budalang'i miaka ya ujana wako wa kitaaluma, wakati wenzako wa Harvard na MIT wanaandika milinganyo inayong'aa, hakukuwa chaguo la mtu anayejali kapu. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipoivunja USAID, DIV ilikwenda nayo. Baadaye ulifufuliwa mfuko wa jina hilo nje ya serikali, kwa fedha za wafadhili binafsi, lakini funzo lilikuwa limeshatoka: kapu lililokuwa likirudisha dola 17 kwa moja lilikuwa lenyewe kitu kimoja ndani ya kapu la mtu mwingine, ambaye hakuhitaji hata kulitazama kabla ya kulimwaga. Kila mwenye wastani ana mwenye wastani mkubwa zaidi juu yake.

Ukiwa umefika hapa unaweza kuridhika na kusema kwamba wote wanathubutu, kila mmoja kwa kiwango chake, na yakaishia hapo. Mimi siwezi, kwa sababu ya shule 75.

Mradi wa dawa za minyoo wa Budalang'i na Funyula ulihusu shule za msingi 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Dawa hazikuweza kupelekwa kote kwa wakati mmoja, basi shule ziligawanywa katika makundi matatu ya 25. Kundi la kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Ndani ya kila eneo majina ya shule yalipangwa kwa alfabeti, kisha yakahesabiwa moja, mbili, tatu. Mpangilio huo ndio uliozaa maarifa. Bila watoto wa kundi la tatu hakuna wa kulinganisha naye, na bila kulinganisha hakuna makala ya 2004 iliyoonyesha kwamba utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Mwaka 2015 watafiti wengine walizichambua upya data zile na mabishano makali yakazuka, lakini hata wabishi walikuwa wakibishana juu ya tofauti kati ya aliyepewa na aliyengoja. Utafiti uliotolewa 2021, baada ya miaka ishirini, ulikuta kwamba waliowahi kupata dawa kwa miaka miwili mitatu zaidi wanapata kwa saa asilimia 13 zaidi ya wenzao.

Isome sentensi hiyo kutoka upande wa pili. Wapo watu wazima, leo wa miaka thelathini na kitu au arobaini, wanaopata pungufu kwa sababu shule yao iliangukia namba tatu. Kwa haki ya waliopanga: bila mradi wasingepata hata hiyo ya 2001, na kuna waliofaidika bila kumeza kidonge, kwa kuwa minyoo ilipungua mtaani. Naliheshimu hilo. Lakini irudie fasili yangu ya mtaji wa ubia. Ni kitu kilichotolewa ambacho huenda kisirudi. Watoto wale walitoa miaka. Hawakuambiwa wametoa, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali kupoteza kwa namna ambayo mtoto wa darasa la tatu angeweza kuielewa. Juu ya miaka hiyo zimejengwa sera za kutibu mamilioni ya watoto, Kenya na kwingineko, na maisha ya kitaaluma ya watu kadhaa. Kama aliyetoa dola moja katika kapu la 2010 tunamwandikia 17, aliyetoa masomo ya 1998 hadi 2000 tunamwandikia nini?

Mtu atasema: sehemu yake ameipata, watoto wake wamemeza dawa shuleni bila malipo katika mpango wa taifa. Ni kweli. Ila hiyo ni sehemu ya raia, ambayo hata asiyengoja ameipata. Mwingine atasema walipwe. Sioni fedha ikifanya kazi hiyo; nani atakayepanga bei ya mwaka wa mtoto, na kwa wastani gani? Naona fikra ya amana ikitufaa zaidi hapa. Haidai kwamba kitu kirudi kama kilivyokwenda. Inadai kwamba aliyekipokea ajue kimetoka kwa nani, na aliyekitoa ajue kimefika wapi.

Watafiti wamekuwa wakiwarudia watu hao kwa miaka mingi, wakiwafuata walikohamia, na dodoso mkononi: unalala wapi, unakula nini, unapata kiasi gani. Pengine wako wanaojibu dodoso hilo hapa hapa Kisumu, Nyalenda au Manyatta, katikati ya siku ya kazi. Ningependa duru ijayo iwe na ukurasa mmoja mtupu mwishoni, wa maswali ya anayeulizwa, na profesa mwenyewe, si karani wa data, awepo kuyajibu. Swali la kwanza nalikisia: kwa nini shule yetu iliwekwa kundi la tatu? Jibu lake ni alfabeti. Atakayelitoa itabidi abaki kitini, kwa maana litafuata la pili.